Cheti cha kompyuta kikibadilika: mwongozo kwa shule za Tanga

Mzazi wa Makorora akiingia ofisini na kuuliza, "Mwanangu akimaliza hapa atatoka na cheti gani cha kompyuta?", mkuu wa shule siku hizi hawezi kumjibu kwa neno moja. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeleta mitaala mipya inayoingia kwa awamu tangu Januari 2024. Sekondari sasa ina mikondo miwili, wa elimu ya jumla na wa elimu ya amali, yaani ya ufundi na stadi za kazi. Somo tulilolizoea kwa jina la Information and Computer Studies, namba 036 kwenye mtihani wa kidato cha nne, limepisha Sayansi ya Kompyuta kwenye mtaala mpya. Wakati huohuo kompyuta za maabara ni zilezile, na mwalimu ni yuleyule mmoja.

Mwongozo huu ni wa mkuu wa shule, mwalimu wa taaluma na mwalimu wa kompyuta. Nimeuandika nikiwa na shule za Jiji la Tanga kichwani, zenye maabara ndogo na upepo wa bahari dirishani. Wa Pangani wayachukue yote; wa Muheza na Korogwe watapunguza yale ya chumvi ya bahari tu, mengine ni yaleyale.

Hatua ya kwanza: panga wanafunzi kwa mwaka walioanza

Msianze na vitabu wala mashine. Anzeni na karatasi moja kubwa ukutani kwa mwalimu wa taaluma. Kila mstari uwe kundi moja la wanafunzi: mwaka walioingia kidato cha kwanza, mtaala wanaousoma, mkondo, jina la somo kama lilivyoandikwa kwenye muhtasari, mwaka wa mtihani, na anayewatahini.

Sababu ni kwamba mtaala unaingia kwa awamu, kwa hiyo shule moja inaweza kuwa na mitaala miwili chini ya paa moja. Aliyeanza na muhtasari wa zamani aendelee nao hadi mtihani wake. Nimeona walimu wenye ari njema wakianza kufundisha mada za muhtasari mpya kwa watoto wa zamani, "ili wasipitwe na wakati". Watoto wakafika mtihanini wakiwa na elimu nzuri ambayo hakuna swali lililowauliza.

Kwenye karatasi hiyo acheni nafasi ya watu wa aina mbili wanaosahaulika. Wa kwanza ni anayekariri darasa. Akirudi nyuma mwaka mmoja anaweza kuangukia kundi la mtaala mwingine, na somo alilolisoma mwaka mzima likawa halipo. Wa pili ni anayehamia kutoka shule nyingine. Mkague siku ya kwanza, muda wa kusajili watahiniwa usije ukamkuta bado hajulikani yuko wapi.

Mihtasari mchukue Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo pia ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Fomati za mitihani mchukue Baraza la Mitihani, NECTA. Picha za kurasa zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu msizitumie kupangia kazi. Chapeni muhtasari wote, andikeni kwenye jalada tarehe mliyoupata, toleo la zamani litoeni kabatini. Yakikaa mawili pamoja, siku moja mtu atalifungua lisilo lake.

Hatua ya pili: tenganisha vyeti

Hapa ndipo wazazi wanapochanganywa, na mara nyingine shule zenyewe ndizo zinazowachanganya. Vyeti vinavyotajwa mjini kwetu ni vya familia kadhaa.

Kipo cheti cha kidato cha nne cha NECTA, ambacho kompyuta ni somo mojawapo ndani yake. Hicho si cheti cha kompyuta. Ni cheti cha elimu ya sekondari chenye alama ya kompyuta.

Ipo tuzo ya ufundi stadi, NVA, yenye ngazi ya I hadi III. Hii inapimwa kwa umahiri: mwanafunzi anawekwa mbele ya kazi, anaifanya, anaonekana ameiweza au bado. Mkondo wa amali umesimama juu ya upimaji wa namna hii, kwa hiyo shule yenye fani ya TEHAMA kwenye amali ijue kuwa daftari lililojaa maandishi mazuri halitamsaidia mtoto asiyeweza kufungua kasha la kompyuta na kulirudisha.

Juu yake zipo tuzo za elimu ya ufundi, NTA, kuanzia ngazi ya 4 ya astashahada, ambazo ni za vyuo vilivyo chini ya NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi. Shule ya sekondari haizitoi, lakini ni vizuri mwalimu wa ushauri azijue, maana ndiko mtoto anakoelekea.

Vipo vyeti vya nje. Shule zinazofuata mitihani ya Cambridge ya Uingereza zina masomo mawili tofauti, ICT namba 0417 na Computer Science namba 0478, na wazazi wengi hawajui kuwa si kitu kimoja. Kipo ICDL, cheti cha kimataifa kinachopima matumizi ya kawaida ya kompyuta moduli kwa moduli.

Halafu vipo vile vya vyuo vya mtaani, Ngamiani vimejaa: Word, Excel, PowerPoint na intaneti kwa miezi mitatu, cheti chenye muhuri wa dhahabu. Sisemi havina faida. Kijana aliyejifunza kuchapa vizuri amejifunza, muhuri uwe wa dhahabu au wa wino. Ila shule ikiingia mkataba na chuo cha namna hiyo ili kiwafundishe watoto jioni, iulize kwanza namba ya usajili wa NACTVET, na iulize cheti chenyewe kinatambuliwa na nani. Jibu la mdomo halitoshi. Ombeni nakala, iwekwe kwenye jalada.

Hatua ya tatu: msiache matumizi ya kawaida yakafa

Hili ndilo ninalotaka walimu walibishanie kwenye kikao kabla ya jambo lingine lolote. Kutumia kompyuta ni kitu kimoja, na sayansi ya kompyuta ni kitu kingine. Muhtasari unaposogea kutoka kuchapa barua kwenda kuandika programu, wale wanaoweza watapanda, na wengine wataliacha somo. Wakiliacha, wanamaliza shule bila hata lile la kuchapa barua.

Uingereza ilishapita njia hii. Mwezi Septemba 2014 walianzisha mtaala mpya wa kompyuta, na baadaye somo la ICT la GCSE, mtihani wao wa watoto wa miaka 16, likafutwa, ikabaki Sayansi ya Kompyuta. Shule nyingi zilikimbilia cheti cha ECDL, ndugu yake ICDL, kwa sababu kilihesabiwa kwenye jedwali la matokeo ya shule na kilifundishika kwa muda mfupi. Serikali ikakiondoa kwenye hesabu hiyo, na shule zikakiacha. Kilichobaki ni Sayansi ya Kompyuta ambayo wasichana wanaoichagua ni kama mmoja kwa kila watahiniwa watano. Sisi hatuna jedwali kama lao, lakini tuna tamaa kama yao ya kushika cheti chepesi ili kibandikwe kwenye bango la shule.

Ushauri wangu: kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza, awe atachukua Sayansi ya Kompyuta au hatachukua, apate kipindi kimoja kwa wiki cha matumizi. Kipindi hicho kinaweza kukaa kwenye muda wa klabu kama ratiba imebana. Kiwe na orodha fupi ya mambo anayopaswa kuyaweza kabla ya kufunga mwaka: kuchapa barua ya maombi ya kazi, kutunza faili na kulipata tena, kutengeneza jedwali lenye hesabu, kutuma barua pepe yenye kiambatisho, kutambua ujumbe wa matapeli.

Mazoezi yatoke mjini. Badala ya "kampuni A iliuza bidhaa B", mpe uzito wa samaki walioingia soko la Deep Sea kwa wiki, bei kwa kilo, atafute jumla na wastani. Mpe magunia ya machungwa ya Muheza na nauli ya gari hadi Dar es Salaam, aone faida inabaki wapi. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Chongoleani lina kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko Tanzania: achore chati, atafute asilimia. Mtoto wa Chongoleani atakusahihisha ukikosea, na hiyo ni dalili kuwa anafuatilia.

Tena wagaweni wasichana na wavulana wakati wa kukaa kwenye mashine. Mkiwaacha wajichagulie, mvulana atashika kibodi na msichana atashika kalamu ya kuandika majibu, na hali itakuwa hiyo hadi kidato cha nne.

Hatua ya nne: soma muhtasari na penseli mbili

Kaeni walimu wawili, msome muhtasari mada kwa mada. Penseli nyekundu iwekwe kwenye kila kinachohitaji mashine, ya bluu kwenye kinachowezekana bila mashine. Mtashangaa bluu ilivyo nyingi. Mfumo wa namba mbili unafundishika kwa vizibo vya soda mezani: 13 ni 1101, basi. Mantiki ya "na", "au" na "siyo", chati za mtiririko, hatua za kutatua tatizo, sehemu za kompyuta na kazi zake, maadili ya mtandaoni, vyote vinakwenda darasani kwa ubao na chaki. Maabara ibaki kwa nyekundu tu. Mwalimu anayewaingiza wanafunzi maabara ili awasomee maelezo huku mashine zinawaka anachoma luku na kuwanyima wenzake nafasi.

Azimio la kazi mliandike kufuata rangi hizo, wiki kwa wiki, ili mjue mapema ni wiki zipi kidato cha pili na cha tatu vitagombea chumba.

Hatua ya tano: maabara

Hesabuni mashine zinazowaka, si zilizopo. Kisha pigeni hesabu hii. Tuseme mna mashine 12 nzima, darasa la wanafunzi 48, na vipindi viwili vilivyoungana, dakika 80. Ni dakika 20 za kushika kibodi kwa kila mtoto. Mkiwagawa makundi mawili ya watoto 24 wanaobadilishana na darasani, bado ni dakika 20. Kugawa hakuongezi muda wa mashine. Kinachobadilika ni kwamba badala ya wanne kusongamana kwenye skrini moja wanakaa wawili, mmoja anachapa na mwenzake anamsomea na kumkosoa, na wale walio darasani wanafanya kazi za penseli ya bluu badala ya kupiga soga. Kwa hiyo gawaneni, lakini msijidanganye kuwa mmepata dakika.

Dakika zinapatikana kwa kufungua chumba nje ya ratiba. Jioni tatu za saa moja moja kwa wiki zinampa kila mtoto wa darasa hilo dakika 45 zaidi. Hiyo ni mara mbili na zaidi ya alizopata kwenye ratiba, na gharama yake ni umeme na mtu wa kukaa na ufunguo. Viranja wa maabara wakifundishwa vizuri wanaweza kumsaidia mwalimu, asikae peke yake kila jioni.

Sasa chumvi. Maabara iliyo Raskazone au Chumbageni, yenye vioo vya kufungua upande wa bahari, inakula mashine kuliko wanafunzi wanavyozila. Kama mnaweza kuchagua chumba, chagueni kilicho upande wa pili wa upepo wa kusi. Funikeni mashine kwa kitambaa, si nailoni, na si mara tu baada ya kuzizima, maana hewa ya joto ikifungiwa inaacha unyevu ikipoa. Wakati wa likizo mtu aje mara moja kwa wiki awashe mashine zote kwa saa moja, zikaushe unyevu wa ndani. Hii peke yake inaokoa nyingi. Mashine ikilia tu na skrini ikabaki nyeusi, kabla ya kumwita fundi izimeni, chomoeni umeme, toeni kadi za kumbukumbu, sugueni ile sehemu ya dhahabu kwa kifutio cha penseli taratibu, mrudishe. Mara nyingi inaamka.

Kitu kingine kidogo kinachosumbua ni betri ya duara ya CR2032 kwenye bodi mama. Ikifa, saa ya kompyuta inarudi miaka mingi nyuma kila ikizimwa. Tovuti zenye ulinzi zinakataa kufunguka, mwalimu anadhani bando limekwisha. Mbaya zaidi, kazi za wanafunzi zinahifadhiwa na tarehe za uongo, na ukifika wakati wa kuonyesha ushahidi hazikubaliki. Nunueni betri za mashine zote kwa mkupuo.

Umeme: kompyuta ya mezani na skrini yake zinaweza kula wati 100 hadi 150. Mashine 12 ni karibu wati 1,800. Soketi moja ya ampia 13 inabeba kama wati 3,000, kwa hiyo mkiongeza printa ya leza na birika la chai la mwalimu kwenye mstari huohuo mnatafuta moshi. Gaweni mashine kwenye saketi mbili, na msiunganishe ekstensheni juu ya ekstensheni.

Halafu kuna suala la Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, pamoja na Office 2016 na Office 2019. Mashine nyingi za msaada zilizo kwenye shule zetu haziwezi kupanda Windows 11, kwa sababu inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa mpya kiasi, kwa Intel ni kuanzia kizazi cha nane. Msikubali muuzaji awaambie ni takataka. Zile zisizopanda wekeni Linux Mint au Ubuntu badala ya Windows, na LibreOffice badala ya Office, vyote ni bure, na kwa kujifunza kuandika programu zinafaa kabisa. Bakizeni mashine chache za Windows kwa ajili ya yale ambayo fomati ya mtihani inayataka kwa jina. Na kabla ya kuamua, someni fomati hiyo, si maoni ya fundi.

Intaneti ikiwa ya kusuasua, pakueni Kiwix au Kolibri, programu za kusoma vitabu na masomo bila intaneti, kwenye mashine moja yenye nafasi. Nyingine zitaisoma kupitia mtandao wa ndani bila kula bando.

Hatua ya sita: walimu

Jiji letu linaitwa la waja leo waondoka leo, na walimu wa kompyuta wao huondoka kweli. Akihama, nywila zinahama naye, na maabara inafungwa hadi apatikane mwingine. Kwa hiyo pawe na daftari la maabara kwa mkuu wa shule: nywila zote, orodha ya mashine na matatizo yake, azimio la kazi, na jina la fundi anayeaminika. Pawe pia na mwalimu wa pili, hata wa hisabati au fizikia, anayekaa na mwenzake angalau kipindi kimoja kwa wiki.

Mafunzo yapo. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, umekuwa ukipeleka kompyuta kwenye shule za umma na kufundisha walimu. Shule za umma zipitishe maombi kwa afisa elimu sekondari wa Jiji, kwa maandishi, na wabaki na nakala. Vishikwambi walivyopewa walimu baada ya sensa ya 2022 vinatosha kwa kusoma mihtasari, kurekodi kazi za wanafunzi kwa picha na kuandaa maswali. Msivihesabu kama mashine za maabara.

Mwalimu asiyewahi kuandika programu hata moja asiaibishwe. Apewe muhula mmoja atangulie darasa lake kwa mada mbili, na afanye kila zoezi mwenyewe kabla ya kuwapa watoto. Kwenye somo hili kusoma mfano kwenye kitabu hakutoshi. Alama moja ya nukta ikikosekana programu inagoma, na darasa zima linakutazama.

Hatua ya saba: ushahidi na mtihani wa vitendo

Kila mwanafunzi awe na folda yenye namba yake, si jina lake la utani. Ndani yake faili ziitwe kwa mada na tarehe. Nakala ikae kwenye diski ya nje inayofungiwa ofisini, ihuishwe kila Ijumaa. Flashi za wanafunzi zisichomekwe bila kukaguliwa. Kile kirusi kinachogeuza folda kuwa njia ya mkato kimezika kazi za mihula mizima.

Miezi mitatu kabla ya mtihani fanyeni jaribio kamili: muda uleule, mashine zilezile, msimamizi asiye mwalimu wa somo. Siku hiyo, katikati ya kazi, zimeni umeme makusudi kwa dakika moja. Mtajua mara moja nani amezoea kuhifadhi kazi yake na UPS gani, yaani betri ya kushikilia umeme ukikatika, ni pambo. Hakikisheni luku ya kutosha siku tatu kabla, wino wa printa, na karatasi.

Hatua ya nane: zungumzeni na wazazi, na muiangalie 2028

Barua kwa wazazi iwe fupi. Maneno kama haya yanatosha: "Mwanao yuko kwenye mtaala mpya, mkondo wa elimu ya jumla. Atasoma Sayansi ya Kompyuta kama somo mojawapo la mtihani wa kidato cha nne. Shule haitoi cheti kingine cha kompyuta. Mchango wa maabara ni kwa ajili ya umeme na matengenezo." Shule yenye amali iandike fani na tuzo inayolengwa. Neno "kinatambulika kimataifa" lisiingie humo kama hamna karatasi ya kulithibitisha.

Bodi nayo iambiwe jambo hili mapema. Elimu ya msingi inapungua kutoka miaka saba hadi sita. Walioingia darasa la tatu mwaka 2024 wanamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule darasa la saba la mwisho linamaliza. Januari 2028 makundi mawili yatagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa pamoja. Ile hesabu ya dakika 20 igaweni kwa mbili, muiweke kwenye ajenda ya kikao cha bajeti kijacho, pamoja na bei za mashine zilizotumika kutoka kwa wauzaji watatu.